Safari imekwama na ndugu yako kanuna: dalili, sababu na namna ya kurekebisha

Niliuza tiketi za mabasi ya mikoani kwa miaka tisa, kwanza Ubungo, halafu Mbezi Luis stendi ilipohamia huko mwaka 2021. Ukikaa dirishani muda wote huo unawajua ndugu wa tumbo moja hata kabla hawajataja majina. Wakati wa kwenda wanataka siti mbili za pamoja, na mdogo anapewa ya dirishani. Ikitokea gari limeharibika njiani au wamelala barabarani, siku ya kurudi mmoja ananipigia simu peke yake, kwa sauti ya chini: "Dada, mimi niwekee siti ya nyuma. Yeye muache huko mbele."

Simu za namna hiyo nilipokea nyingi mno. Kilichoharibika ni gari, lakini waliotengana ni watoto wa mama mmoja. Niliyoandika hapa yametoka kwenye malalamiko hayo, pamoja na usiku mmoja ambao mimi mwenyewe nilikwama na mdogo wangu wa kiume chini ya mlima Kitonga. Nimeyapanga kwa dalili, na chini ya kila dalili nimeanza na sababu inayotokea mara nyingi zaidi. Anza na ukaguzi mwepesi. Watu wanakimbilia kufukua mambo ya utotoni, kumbe ndugu yako hajatia kitu mdomoni tangu Chalinze.

DALILI YA KWANZA: KANUNA, HASEMI KITU

Sababu inayoongoza ni njaa na kiu. Dar es Salaam hadi Mbeya ni zaidi ya kilomita 800. Abiria wengi, hasa wanawake, hawanywi maji makusudi kwa kuogopa kubanwa haja kabla gari halijasimama. Gari likikwama saa nane mchana mtu huyo ana masaa nane bila maji, kichwa kinamgonga, na kila neno lako linamchoma. Usimuulize "Una nini?" Muulize "Umekula?" Nunua maji na chochote kinachouzwa hapo, mpe, kisha mwache robo saa. Kama kuna choo karibu, msindikize bila kusubiri akuombe. Nusu ya ugomvi niliowahi kusimuliwa ungeishia hapo.

Angalizo ambalo sitaki ulipite haraka: kama ndugu yako ana kisukari na ghafla amekuwa mkali, anatokwa jasho, anatetemeka au anaongea yasiyoeleweka, huko si kununa. Inawezekana sukari imeshuka. Kama yuko macho na anaweza kumeza, mpe soda yenye sukari au juisi mara moja, halafu tafuta kituo cha afya. Akiwa amepoteza fahamu usimtie kitu mdomoni, kimbiza hospitali. Mwenye selimundu (sickle cell) naye asikae na kiu wala kwenye baridi, na usiku wa Mafinga na Makambako ni wa baridi kweli. Mpe maji na umfunike khanga, koti au chochote ulichonacho. Maumivu yakianza, habari ya safari imekwisha, sasa mnatafuta daktari.

Sababu ya pili ni lawama. Aliyechagua basi anajiona mkosaji, na asiyechagua anajizuia kusema "nilikwambia". Wote wawili wako kimya, kila mmoja anasikia maneno ambayo mwenzake hajayasema. Dawa yake ni sentensi moja, na inatoka kwa yule ambaye hakuchagua: "Gari kuharibika si kosa lako." Isemwe mapema, isemwe mara moja, isifuatiwe na "lakini".

Sababu ya tatu ni adimu kidogo, nayo ndiyo iliyonifundisha mimi. Ana jambo jingine kabisa, na safari imempa muda wa kulifikiria.

Ilikuwa Ijumaa, tunakwenda kwa mama. Lori lilikuwa limelala kwenye kona juu ya Kitonga, na foleni ya malori na mabasi ikashuka hadi kwenye mibuyu huku chini. Basi nililichagua mimi, na siku ya kusafiri niliipanga mimi pia. Mdogo wangu akawa kimya. Nikaomba radhi mara ya kwanza, mara ya pili, na mara ya tatu nikamfokea: "Kama unaona nimekosea, sema!" Akashuka bila kunijibu. Alirudi na hindi moja la kuchoma. Akaketi, akaanza kulipukuchua kwa dole gumba, mstari kwa mstari, punje akaziweka kwenye kiganja chake cha kushoto. Zilipojaa akanimiminia kiganjani. Nilikuwa na jino bovu wiki ile na sikuwa nimemwambia, alikuwa ameniona nikitafuna chapati upande mmoja asubuhi. Nikamuuliza, na wewe? Akasema, "Mimi sina njaa, dada."

Saa tatu usiku, taa za basi zimezimwa, ndipo akaniambia kwamba ana miezi miwili hana kazi, na kwamba alipokubali kusafiri hakuwa na nauli ya kurudi. Ukimya wake wote wa mchana ulikuwa ni wa kutafuta pa kuanzia.

Kwa hiyo kama ameshakula, ameshakunywa, umeshamwondolea lawama na bado yuko kimya, usimkamue. Kaa pembeni yake. Siti za basi zina faida moja ambayo meza ya chakula haina: mnatazama mbele wote wawili, hakuna anayemkazia mwenzake macho. Maneno mazito yanatoka kirahisi zaidi hivyo, na gizani yanatoka kirahisi zaidi. Ondoa spika za masikioni. Simu iweke mfukoni.

DALILI YA PILI: MNABISHANA, TUSUBIRI AU TUPANDE GARI JINGINE

Mara nyingi hapa hamna taarifa. Mmoja anakisia saa moja, mwenzake anakisia hadi kesho, na wote hawajui. Nendeni pamoja kwa dereva au konda, narudia, pamoja, maana ukienda peke yako utarudi na habari ambayo mwenzako ataitilia shaka. Ulizeni mambo matatu: nini kimeharibika, spea inatoka wapi, na kama kuna gari la kuja kuwafaulisha. Kupasuka tairi ni jambo la muda mfupi. Spea ikiwa inatoka Dar na nyinyi mko Mafinga, hesabuni kulala. Kama ni foleni ya ajali mlimani, dereva wa lori linaloshuka kutoka juu atakuwa na habari za kweli kuliko mtu yeyote mliye naye huku chini.

Tiketi msiitupe. Ndiyo ushahidi wenu mkidai kufaulishwa au kurudishiwa nauli, na msiposikilizwa na mwenye gari, malalamiko hayo yanapelekwa LATRA, mamlaka inayosimamia usafiri wa ardhini tangu 2019. Piga picha ya tiketi na namba za gari. Mpe ndugu yako kazi hiyo, mtu mwenye kazi ya kufanya hupunguza ubishi.

Ikiwa taarifa mnazo na bado mnabishana, basi tatizo ni ukubwa na udogo. Mkubwa ameamua, kama alivyoamua tangu mko shule ya msingi, na mdogo ambaye sasa ana miaka thelathini na watoto wawili nyumbani anaambiwa "wewe kaa hapo". Mkubwa hakusudii ubaya, ni mazoea tu. Lakini mdogo anachokisikia ni kwamba hajakua. Marekebisho: mdogo atoe pendekezo lake kwanza, mkubwa asikatize. Halafu mkubaliane saa, msibishanie uamuzi wenyewe. "Ikifika saa kumi na mbili jioni tuko hapa hapa, tunatafuta gesti." Saa ikishakubaliwa, inaamua yenyewe, hakuna aliyeshinda.

Ipo sababu ya tatu, mmoja ana hofu kuliko mwenzake. Aliyewahi kupata ajali, au aliyempoteza mtu barabarani, hawezi kupanda Noah ya mtu asiyemjua usiku hata umwelezeje. Hapo mwenye hofu ndiye afuatwe. Kuchelewa kunalipika.

Simamisheni kila kitu katika hali hizi. Gari likizimika ndani ya hifadhi ya Mikumi, ambayo barabara kuu inakatiza katikati yake kwa kilomita zipatazo 50, msishuke kwenda kujisaidia porini wala kutembea kutafuta mtandao wa simu, wanyama wako pale pale pembeni. Tangu mabasi yaruhusiwe tena kusafiri usiku mwaka 2023, onyo hili lina uzito zaidi. Usikubali mmoja apande lori peke yake "akawasubiri mbele". Na kukiwa na ajali, vitisho au uporaji, piga 112, hayo si ya kumalizana wenyewe.

DALILI YA TATU: MMOJA ANALIPA, MWENZAKE ANAANGALIA PEMBENI

Kukwama kuna gharama ambazo hamkuzipanga, gesti, chakula cha usiku, bodaboda, bando la kupiga simu nyumbani. Wengi hawakusema tangu mwanzo nani ana kiasi gani. Tunaona aibu kuulizana pesa na ndugu, wakati mgeni tungemuuliza.

Ukaguzi wa kwanza ni masikio yako. Ndugu anayesema "mimi sina njaa" kila mara chakula kinapotajwa, na anayesema "mimi nitakaa hapa hapa kwenye gari" gesti inapotajwa, mara nyingi hana pesa. Usimuulize mbele ya abiria. Nunua sahani mbili, weka moja mbele yake, endelea na maneno mengine. Baadaye, mkiwa wawili, mwambie ulichonacho wewe kwanza: "Mimi nina elfu arobaini na tano, na nauli ya kurudi nimeitenga." Ukishataja yako, naye ataweza kutaja yake.

Kisha unganisheni. Kila mtu atoe anachoweza, hata kama ni elfu mbili, mfuko uwe mmoja, na aushike yule aliyetoa kidogo. Hili la mwisho watu wananibishia, ila nimeliona likifanya kazi. Aliyetoa kidogo akiwa ndiye mtunza mfuko, hatembei nyuma ya mwenzake kama mtoto anayesubiri kununuliwa.

Kama kulipa kote kumekuangukia wewe mkubwa kwa sababu ndiyo desturi ya nyumbani kwenu, na kweli huna, sema huna. Ukinyamaza ukalipa kwa mkopo wa simu, utamdai ndugu yako kwa uso wako mwaka mzima, na yeye hajui deni lenyewe ni lipi.

DALILI YA NNE: SIMU ZA NYUMBANI ZINAWAGOMBANISHA

Mama anampigia kaka, anaambiwa tuko karibu. Anampigia dada, anaambiwa tutalala. Mama anaanza kulia, na nyinyi mnaanza kulaumiana nani amemtia mama presha. Sababu ni hiyo tu. Chagueni mmoja wa kuongea na nyumbani, mwenzake akipigiwa aseme, "Mama, shika hapo nimpe dada." Na mpangieni saa ya kupiga, asikae ameishika simu usiku kucha.

Ugumu unakuja safari ikiwa ni ya msiba. Hapa nitakaa kidogo, maana ndipo nilipoona ndugu wakiumizana vibaya kuliko popote.

Maziko hayasubiri. Kwa Waislamu maiti husitiriwa mapema iwezekanavyo, mara nyingi siku hiyo hiyo, na hata kwa Wakristo familia ikishapanga saa na ndugu wa mbali wakishafika, kuahirisha ni shida. Mnaambiwa kwenye simu, mko kando ya barabara, kwamba baba ameshazikwa. Kuna atakayelia kwa sauti. Mwingine ataanza kupanga: gari, nauli, nani wa kumpigia. Anayelia anamwona mwenzake hana uchungu, na anayepanga anamwona mwenzake anamwachia mzigo. Hakuna kosa hapo, majonzi yametokea milango miwili tu. Semeni hivyo kwa mdomo: "Lia, mimi natafuta gari. Nikimaliza na mimi nitalia, utanishika."

Kama maziko bado hayajaanza, ombeni mtu mmoja tu aliye pale, binamu au jirani, asimame na simu ikiwa hewani ili muisikie dua au ibada. Chajini simu moja hadi ijae kwa ajili hiyo, nyingine zimeni. Mkifika, kama mila na dini yenu inaruhusu, nendeni makaburini nyinyi wawili kabla ya maelezo kwa shangazi na wajomba kwa nini mmechelewa. Mlichelewa pamoja, fikeni pamoja. Na msikubali baadaye mtu yeyote katika ukoo amwambie mmoja wenu kwamba yeye ndiye aliyewachelewesha. Jibuni wote wawili.

Ikipita wiki kadhaa na mmoja wenu bado halali, hali, au anazungumzia kutaka kumfuata marehemu, msimwache peke yake na msingoje arobaini ipite. Mpelekeni hospitali akaonwe na daktari, na kiongozi wenu wa dini awe karibu naye. Maneno hayo yachukuliwe kwa uzito yaliyo nayo.

DALILI YA TANO: YAMEANZA YA ZAMANI

"Wewe ndiye uliyesomeshwa." "Mama anakaa kwangu, wewe unatuma nini?" "Lile shamba mliuza bila kuniambia." Masaa sita ya kukaa sehemu moja yanatosha kuyafikia haya.

Mara nyingi yametoka kwa sababu ya uchovu, na kesho asubuhi baada ya usingizi na chai hayatakuwa na makali hayo. Mwambie, "Hilo ni kweli tunatakiwa kulizungumza. Tukifika kwa mama, Jumapili, tukae." Taja siku, maana bila siku ataona umemkwepa. Halafu ikifika siku hiyo uianzishe wewe.

Ikiwa maneno ni ya uchungu mmoja tu anaotaka usikike, kwa mfano kwamba alipoumwa hukwenda kumwona, usijitetee. Mwache amalize. Kujitetea kwenye basi ni kumfanya aongeze sauti, na abiria watawaingilia. Wahenga walisema ndugu wakigombana chukua jembe ukalime, lakini watu wa kwenye basi hawana jembe la kwenda kulimia. Watachukua upande, na mkipatana aibu inabaki kwenu.

Lakini suala la mirathi, hati ya nyumba au shamba lisiguswe njiani kabisa, hata mkiwa mnacheka. Hilo ni la kikao cha ukoo chenye wazee mnaowaheshimu wote wawili, na likishindikana kuna Mahakama ya Mwanzo inayosikiliza mirathi, na kuna wasaidizi wa kisheria wilayani. Kama kuna historia ya kupigana, au mmoja amekunywa pombe na ameanza kutukana na kusukuma, badilisheni siti mara moja. Aliye salama zaidi ni yule aliyekaa karibu na dereva. Kutengana kwa usiku mmoja si kuvunja undugu. Ndugu anayekupiga huhitaji kumvumilia kwa sababu tu mmezaliwa pamoja, na Afisa Ustawi wa Jamii wa halmashauri yako anashughulikia mambo hayo.

DALILI YA SITA: MMEFIKA SALAMA, BARIDI IMEBAKI

Mkifika kila mtu anaingia chumba chake na hakuna aliyeomba radhi. Sababu ya kawaida ni kwamba kila mmoja anangoja mwenzake aanze. Anza wewe uliyesoma haya. Usitume ujumbe, ujumbe unasomeka kwa sauti ya hasira hata kama hukuuandika kwa hasira. Piga simu, ndani ya siku mbili, na usianze na safari. Anza na kile alichokwambia mlipokuwa mmekwama.

Mimi nilimpigia mdogo wangu Jumanne, tukiwa tumesharudi, yeye Tegeta na mimi Kimara. Nilikuwa nimeulizia kwa watu wa stendi na kulikuwa na nafasi ya kazi ya kukata tiketi za mizigo. Nikamwambia. Akanyamaza kidogo, nikasikia anasogea mahali penye utulivu. Kisha akasema atakuja kuonana nao Alhamisi, na akaniuliza, "Lile jino umeshaling'oa?"